Namna ya Kuandika Wasifu wa Robert Rogers, Askari wa Msituni wa Makoloni ya Marekani

Robert Rogers alizaliwa Methuen, Massachusetts, mwaka 1731, akafariki London mwaka 1795. Katika miaka hiyo alikuwa kijana wa mgambo, mshukiwa wa kusambaza noti bandia, kamanda wa kikosi cha doria kilichovuma pande zote mbili za Bahari ya Atlantiki, mwandishi wa vitabu, mkuu wa ngome ya mbali, mshtakiwa wa uhaini na mfungwa wa madeni. Anayetaka kuandika maisha ya mtu huyu hakosi la kusimulia. Ugumu wake uko kwingine: sehemu kubwa ya yanayojulikana juu ya Rogers ilisimuliwa kwanza na Rogers mwenyewe, tena wakati alipokuwa akitafuta cheo, malipo au huruma ya wakubwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyashughulikia maisha ya aina hiyo, kuanzia kusoma nyaraka hadi kupanga sura za wasifu.

Soma kanuni zake kabla ya kusoma vita vyake

Mwaka 1757, wakati Uingereza na Ufaransa zilipokuwa zikigombania Amerika ya Kaskazini, Rogers alipewa vijana wa jeshi la Uingereza awafundishe vita vya msituni, naye akawaandikia kanuni. Kanuni hizo, 28 kwa idadi, zilichapishwa London mwaka 1765 ndani ya shajara zake. Zianze hizo. Mwanzoni zinaonekana kavu, lakini ndizo zinazokuonyesha kazi yenyewe ilivyokuwa, na bila kuielewa kazi hutaweza kupima masimulizi ya vita.

Kwa mujibu wa kanuni ya kwanza, kila jioni askari alitakiwa kufika kuitwa jina akiwa na gobori lake, baruti na risasi za kufyatua mara 60, pamoja na kishoka. Ya pili inaagiza kwamba kikosi kidogo kitembee kwa mstari mmoja, kila mtu akimwacha mwenzake kwa umbali wa kutosha ili risasi moja isiue wawili, huku mtu mmoja au zaidi akitangulia mbele na wengine wakilinda kila upande. Wakifika kwenye kinamasi au ardhi laini, inasema ya tatu, waache mstari na kwenda sambamba ili adui asiweze kufuata nyayo zao, kisha waurudie mstari wakishavuka, wasipige kambi mpaka giza liingie kabisa, na usiku kucha nusu yao wawe macho kwa zamu. Ukiisoma kanuni hiyo ya tatu polepole utajua mengi: kwamba watu hawa waliogopa zaidi kufuatwa kuliko kukutana na adui uso kwa uso, kwamba usingizi wao ulikuwa nusu usingizi, na kwamba mbinu zenyewe zilikuwa zimetokana kwa kiasi kikubwa na wenyeji wa misitu hiyo. Baadhi ya wenyeji hao, Wamohikani wa Stockbridge, walitumika pamoja na Rogers wakiwa na kampuni zao na makapteni wao wenyewe. Mwandishi anayemsifu Rogers kwa ubunifu wa mbinu hizi bila kuwataja walimu wake anaanza vibaya.

Jihadhari na toleo la kanuni linalosambaa sana leo, lenye maagizo mafupi yaliyoandikwa kwa lugha ya mzaha ya mtu asiyesoma. Maagizo hayo yalitungwa katika riwaya iliyochapishwa mwaka 1937, na yamenukuliwa mara nyingi hata katika machapisho ya kijeshi kana kwamba ni maneno ya Rogers. Kanuni za kweli ni ndefu na zimeandikwa kwa Kiingereza rasmi cha karne ya 18, wala hazina mzaha hata chembe. Ukikuta sentensi fupi ya kuchekesha iliyopewa jina lake, ilinganishe na chapa ya 1765, ambayo imepigwa picha na kuwekwa kwenye maktaba za bure za intaneti.

Kanuni ya tano ndiyo itakayokufaa wewe mwandishi. Inaagiza kwamba mateka wakikamatwa watengwe, kila mmoja peke yake, mpaka wamalize kuhojiwa, na kwamba kikosi kirudi kwa njia nyingine, si ile kilichoendea. Wahoji mashahidi wako hivyo hivyo. Ripoti ya Rogers, barua ya mkubwa wake, taarifa ya Wafaransa na masimulizi ya wenyeji yasomwe kila moja kivyake, kila moja iandikwe kwenye karatasi yake, kabla ya kuunganisha lolote. Ukianza na kitabu cha kisasa kilichokwisha kuyachanganya yote, umewapa mateka nafasi ya kupatana maneno.

Mfano wa kufanyia kazi: Saint-François, Oktoba 1759

Tukio hili linafaa kwa mazoezi kwa sababu mashahidi ni wengi na hawakubaliani. Chukua karatasi nne.

Kwenye ya kwanza andika amri. Jenerali Jeffery Amherst alimtuma Rogers kwenda kukishambulia kijiji cha Waabenaki cha Saint-François, kando ya mto unaoingia katika Mto Saint Lawrence, mahali ambapo leo panaitwa Odanak, Quebec. Amri ilimtaka alipize kisasi kwa mashambulizi yaliyofanywa dhidi ya walowezi wa mipakani, lakini ilitamka wazi kwamba wanawake na watoto wasiuawe wala kudhuriwa. Sentensi hiyo iweke mahali utakapoiona kila mara.

Ya pili iwe ya maelezo ya Rogers. Aliondoka Crown Point, ngome ya Waingereza kando ya Ziwa Champlain, usiku wa tarehe 13 Septemba 1759 akiwa na watu takriban 200 ndani ya mashua. Baadhi yao waliugua au waliumia, wakarudishwa. Mashua zilizofichwa kwenye ghuba ya Missisquoi, upande wa kaskazini wa ziwa hilo, ziligunduliwa na Wafaransa, na kwa hiyo njia ya kurudi ikawa imefungwa. Kikosi kikapita siku nyingi katika kinamasi, maji yakiwafunika miguu, wakilala juu ya matawi waliyoyakata na kuyatandika ili wasilale majini. Alfajiri ya tarehe 4 Oktoba watu 142 waliobaki walikivamia kijiji na kukichoma moto. Rogers aliripoti kwamba waliuawa watu wasiopungua 200 na kwamba alikuta ngozi za vichwa takriban 600, nyingi za Waingereza, zikining'inia kwenye nguzo. Kwa upande wake alimtaja mmoja tu aliyeuawa siku hiyo, Mstockbridge.

Kwenye ya tatu ziandikwe taarifa za Wafaransa, ambao walifika baadaye na kuzika maiti. Hizo zinataja waliouawa takriban 30, wengi wao wakiwa wanawake na watoto.

Ya nne ni ya Waabenaki wenyewe. Katika masimulizi yaliyopokezanwa ndani ya familia za Odanak hadi karne ya 20, usiku uliotangulia shambulio watu walikuwa kwenye ngoma, na msichana mmoja aliyetoka nje alikutana gizani na mgeni aliyemwonya kwamba adui amefika na atashambulia alfajiri. Baadhi waliamini, wakazitoa familia zao na kuzificha, wengine hawakuamini.

Sasa ziweke karatasi hizo pamoja. Mtu aliyezoea kuheshimu maandishi kuliko masimulizi ya wazee angeitupa ile ya nne, lakini ndiyo pekee inayoeleza kwa nini idadi ya Wafaransa ni ndogo kiasi kile: nyumba nyingi zilikuwa tupu. Rogers alishambulia gizani, akachoma nyumba haraka, akaondoka siku ile ile akijua kwamba anafuatwa. Hakuwa na nafasi ya kuhesabu. Waliozika walihesabu. Kwa maoni yangu idadi ya takriban 30 ndiyo ya kuaminiwa, na 200 iandikwe kama dai la Rogers, ikitajwa hivyo. Hapo ndipo sentensi ya Amherst kuhusu wanawake na watoto inapofanya kazi yake, kwa sababu ukilinganisha amri na hesabu ya waliozika huwezi tena kuandika sura hii kama hadithi ya ushujaa mtupu.

Usiishie kijijini. Safari ya kurudi ndiyo iliyowamaliza watu wa Rogers kuliko mapigano. Mahindi waliyoyachukua kijijini yaliisha, kikosi kikagawanyika makundi makundi ili kitafute riziki, makundi mengine yakakamatwa, na waliofika kwenye Mto Connecticut hawakukuta chakula kilichoahidiwa, kwa kuwa ofisa aliyekileta alikuwa ameondoka nacho muda mfupi kabla. Rogers alitengeneza chelezo, akateremka mtoni na wenzake wachache hadi ngome iliyoitwa Namba Nne, akawapelekea waliobaki msaada. Mwenyewe aliandika kwamba tangu kuondoka magofuni mwa Saint-François alipoteza maofisa 3 na askari 46. Hesabu hii naiamini zaidi, kwa sababu ni ya watu wake, waliokuwa na majina kwenye daftari la mishahara.

Vita vya theluji na jabali la Ziwa George

Pambano la tarehe 13 Machi 1758 lishughulikie kwa njia hiyo hiyo, ila kwa ufupi zaidi. Rogers alitumwa na watu wapatao 180, wakivaa viatu vya theluji, akakutana na kikosi cha Wafaransa na washirika wao karibu na Ziwa George, akapoteza zaidi ya nusu ya watu wake. Koti lake lililokuwa na hati yake ya cheo liliangukia mikononi mwa Wafaransa, wakadhani ameuawa. Idadi aliyoitaja ya maadui waliouawa ni kubwa mno ikilinganishwa na ile waliyoikiri Wafaransa, na safari hii pia tofauti hiyo itajwe waziwazi. Kuna jabali kubwa kando ya ziwa lenye jina lake, ambalo husemwa aliteleza juu yake hadi kwenye barafu ili kuwaponyoka waliomfukuza. Yeye, ambaye hakuwa mtu wa kuficha sifa zake, hakukisimulia kisa hicho katika shajara zake. Kitaje kama ngano ya mahali, kwa sentensi moja, kisha endelea.

Fuata fedha

Waandishi wengi wa wasifu wa askari huzikimbia hesabu. Kwa Rogers, hesabu ndizo zinazounganisha nusu ya kwanza ya maisha yake na ya pili.

Anza na mwaka 1755. Kabla ya kujulikana kwa vita, alihusishwa na kundi la watengenezaji wa noti bandia huko New Hampshire, na kuandikisha kwake askari kwa ajili ya vita kulikuja wakati mzuri sana kwake, kesi ikiwa inamkabili. Kisha nenda Machi 1756, gavana wa Massachusetts, William Shirley, alipompa kampuni huru ya doria. Shajara inataja viwango: askari wa kawaida 60 walipwe shilingi 3 kwa siku kwa fedha ya New York, sajini 4, luteni 7, na kapteni 10, na kila mtu apewe dola 10 za Kihispania kwa ajili ya nguo, silaha na blanketi.

Takwimu kama hizi hazina maana mpaka zigeuzwe. Dola moja ya Kihispania ilikuwa na thamani ya shilingi 8 za New York, lakini shilingi 4 na peni 6 tu za Uingereza, shilingi moja ikiwa na peni 12. Kwa hiyo shilingi 3 za New York ni sehemu tatu ya nane ya dola, yaani takriban peni 20 za Kiingereza. Askari wa kawaida wa jeshi la mfalme alilipwa peni 8 kwa siku, na katika hizo alikatwa. Hapo utaelewa kwa nini vijana wa mipakani walikubali kulala thelujini, na pia kwa nini majenerali walilalamika kwamba askari wa doria ni ghali na hawana nidhamu. Usichanganye kamwe fedha ya New York, ya New Hampshire na ya Uingereza katika aya moja bila kumwambia msomaji ni ipi.

Rogers aliwagharamia watu wake mara nyingi kwa fedha yake au ya kukopa, akitarajia kurudishiwa na serikali. Vita vilipokwisha, sehemu ya madai yake ilikataliwa, na wadai wakaanza kumfuata. Mwaka 1764 alitiwa jela New York kwa deni, akatolewa kwa nguvu na askari waliompenda. Mwaka uliofuata alikwenda London kutafuta bahati yake, na vitabu vyake vikachapishwa huko. Ukiviweka vitabu hivyo mahali pake kwenye mfuatano wa madeni, utaona kwamba vilikuwa pia barua za maombi ya kazi. Kazi aliipata: ukuu wa ngome ya Michilimackinac, kaskazini mwa Ziwa Michigan.

Huko alimkuta adui mwingine, Jenerali Thomas Gage, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Uingereza Amerika na ambaye hakumpenda tangu zamani. Desemba 1767 Rogers alikamatwa kwa shutuma za uhaini, zilizotegemea sana maneno ya katibu wake waliyekuwa wamegombana naye. Akatiwa pingu majira yote ya baridi, akapelekwa Montreal, na Oktoba 1768 mahakama ya kijeshi ikamwona hana hatia. Barua za Gage zimehifadhiwa katika Maktaba ya Clements ya Chuo Kikuu cha Michigan, na karatasi za Amherst ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew. Ukiweza kupata nakala za zote mbili, zisome sambamba, kwa sababu mtu mmoja anazungumzwa humo kama watu wawili. Baada ya kuachiwa alirudi London kudai haki yake, na mwisho wake ukawa gereza la wadeni la Fleet, alimokaa tangu 1772 hadi 1774.

Maneno yaliyoongezwa baadaye, na karatasi zilizochelewa kupatikana

Kila dai liulize lilionekana lini kwa mara ya kwanza. Novemba 1760 Rogers alikwenda kuipokea ngome ya Detroit kutoka kwa Wafaransa. Katika kitabu chake kuhusu Amerika ya Kaskazini alisimulia kwamba njiani alikutana na Pontiac, kiongozi wa Waottawa, aliyemuuliza kwa ukali kwa nini ameingia nchini mwake bila ruhusa. Ni kisa kizuri. Lakini kilichapishwa mwaka 1765, miaka miwili baada ya vita vya wenyeji dhidi ya Waingereza vya 1763 kulifanya jina la Pontiac lijulikane kila mahali, na shajara za safari yenyewe hazimtaji katika mkutano huo, ingawa zinawataja viongozi wa Waottawa. Kiandike ukikitilia shaka.

Kinyume chake hutokea pia. Makoloni yalipokuwa yakipigana na Uingereza kudai uhuru, jasusi wa Marekani Nathan Hale alinyongwa na Waingereza New York tarehe 22 Septemba 1776, na kwa zaidi ya karne mbili haikufahamika vizuri alivyokamatwa. Mwaka 2000 Maktaba ya Bunge la Marekani ilipokea muswada wa Consider Tiffany, mwenye duka wa Connecticut aliyekuwa upande wa Waingereza, unaosimulia kwamba Rogers, wakati huo akiwa kamanda wa kikosi cha doria cha Waingereza, alijifanya mwanamapinduzi mwenziwe, akamkaribisha chakula na kumfanya aseme siri yake mbele ya mashahidi. Wanahistoria wengi wameupokea. Kumbuka hata hivyo kwamba Tiffany hakuwepo; aliandika aliyoyasikia.

Tarehe

Makoloni ya Uingereza yalibadili kalenda mwaka 1752, ambapo tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14. Tarehe ya kuzaliwa ya Rogers, 7 Novemba 1731, ni ya kalenda ya zamani. Kwa yetu ni 18 Novemba. Chagua moja, mwambie msomaji, usirukeruke. Kwa matukio ya baada ya 1752 hakuna tatizo.

Kupanga na kuandika

Zuia kishawishi cha kufungua wasifu na milio ya risasi. Fungua na shamba la wazazi wake, wahamiaji kutoka kaskazini mwa Ireland, lililochomwa moto na wavamizi mwaka 1748, Rogers akiwa bado kijana. Kutoka hapo msomaji ataielewa chuki ya watu wa mipakani bila wewe kuihubiri, na akifika Saint-François ataona nyumba nyingine zikichomwa, safari hii na Rogers. Miaka ya 1755 hadi 1760 itakula nafasi kubwa kwa sababu nyaraka zake ni nyingi, lakini usiiruhusu izidi nusu ya kazi yako. Waandishi wengi humwacha mtu huyu Detroit akiwa shujaa, kisha hukimbiza miaka 35 iliyobaki kwa kurasa chache za ulevi na madeni. Ndani ya miaka hiyo mna ndoa yake na Elizabeth Browne wa Portsmouth, iliyovunjwa na baraza la kutunga sheria la New Hampshire mwaka 1778, na mna sheria ya mwaka huo huo iliyompiga marufuku kurudi katika jimbo alilokulia. Zote mbili zimo katika kumbukumbu rasmi na zinastahili kurasa zao.

Wenyeji waite kwa majina ya mataifa yao: Waabenaki, Waottawa, Wamohikani. Neno la dharau lililomo katika nukuu za zamani libaki ndani ya alama za kunukuu, nawe usilitumie kwa kalamu yako.

Mwisho, picha. Haijulikani picha yoyote ya Rogers iliyochorwa akiwa amekaa mbele ya mchoraji. Ile inayotumiwa kila mahali, ya mtu mnene aliyevaa kofia yenye manyoya na kushika bunduki, ilichapwa London mwaka 1776 kwa ajili ya kuuzwa kwa watu waliotaka kuwaona majemadari wa vita vya Amerika, na maelezo yake yanamwita amiri jeshi mkuu wa Wahindi Wekundu wa maeneo ya ndani, cheo ambacho hakuwa nacho kamwe. Ukiitumia, andika chini yake mwaka na mji ilipochapwa, na useme kwamba sura hiyo ni ya kubuni.